Kwa Nini Macho ya Kirukanjia Huwaka Akimulikwa

Mnacheka nini? Nimesema kirukanjia, ndege, huyu anayelala chini njiani hadi umkaribie ndipo aruke. Tulieni niwaeleze, maana jana mlizunguka kichakani na tochi mkimtafuta hadi miguu ikachoka, mkarudi mmenuna.

Enzi hizo kirukanjia alikuwa mwekundu pyuu, na alipenda sana kujishaua. Kujenga kiota hakujua, wala hajui hadi leo. Alitaga chini, mchangani. Mwewe akiuona wekundu ule kutoka juu, anashuka, anakomba mayai, anaondoka zake. Kirukanjia alilia hadi sauti ikabadilika, na ndiyo hiyo mnayoisikia.

Alipotaga tena akasema, "Haki ya Mungu, safari hii hanipati." Akajigaragaza jivuni na kwenye majani makavu mpaka wekundu wote ukapotea. Akayalalia mayai yake mawili, akafumba macho, akaacha upenyo mdogo tu wa kuchungulia. Mwewe alipita, akapita tena, akaenda zake na njaa.

Sasa, kwa ndege wa wakati ule mzazi hakuachwa peke yake. Lazima apelekewe uji wa pilipili manga, na mwenye kuupeleka ni shoga yake. Shoga wa kirukanjia alikuwa kanga, mnene, mwenye mwendo wa kishindo. Kanga akabisha hodi huku na huko, kimya. Kirukanjia alimsikia vizuri, ila aliogopa kuitikia, mwewe asije akasikia. Kanga akarudi na chungu chake, kakasirika kwelikweli.

"Ananidharau! Shoga gani huyu?"

Lakini alimpenda, atafanyaje? Giza lilipoingia akaupasha uji, akashika kijinga cha moto, akarudi kichakani. Akamulika huku, akamulika kule, akikanyaga ovyo na hiyo miguu yake, hadi akafika palepale penye mayai. Akainua mguu. Kirukanjia akataka kupiga ukelele, akamkumbuka mwewe. Akakodoa macho yote mawili, mwanga wa kijinga ukaingia humo, yakawaka kama makaa ya moto. Mguu wa kanga ukabaki hewani.

"Mama weee! Kumbe uko hapa!"

Kanga alicheka, akalia, akacheka tena, nusu ya uji ikamwagika. Kirukanjia akanywa uliobaki, mayai yake yakiwa salama chini ya kifua.

Na tangu siku hiyo, mchana utampita kirukanjia karibu kabisa na hutamwona, utaapa hapakuwa na kitu. Lakini usiku, ukimulika taratibu bila papara, utakuta wekundu wake wote umehamia machoni. Raha yake wee, utataka kupiga kelele! Usipige. Simamisha mguu kwanza, mzazi anakuitikia hodi kwa macho.