Sinia Tisa za Wasikilizaji

Hapo zamani, si zamani ya wafalme bali ya juzi tu, simu zikiwa zimeshajaa mikononi, palikuwa na mjane wa Mikindani aitwaye Bi Mgeni. Mumewe, Maalim Shaibu, alikuwa akiwasimulia hadithi watoto wa madrasa. Alipofariki, Bi Mgeni alikaa eda. Mwanamke wa eda hatoki, basi sauti yake ikatoka badala yake. Alizirekodi hadithi za marehemu kwenye simu, na mkwewe Hamdani akazipeleka mtandaoni. Podikasti, ndivyo wanavyoiita.

Eda ikaisha. Bi Mgeni akauliza, "Mkwe wangu, wanaonisikiliza ni wangapi?"

"Niseme kweli, mama?"

"Sema."

"Thelathini na sita."

Bi Mgeni akainama. Kinyozi wa jirani, anayechekesha watu mtandaoni, alikuwa na elfu ishirini.

"Zifute," akasema. "Hadithi za Maalim zimezikwa naye." Kisha akaweka nadhiri: "Mola akinirudishia moyo, tasbihi ya marehemu nitampa aliyekuwa sababu."

Hamdani hakufuta. Lakini Bi Mgeni akanyamaza wiki tatu.

Akaja Bi Riziki, mpishi wa shughuli, kurudisha sufuria. Akaelezwa.

"Thelathini na sita? Sinia moja watu wanne. Hizo sinia tisa! Shoga, hitima ya Maalim tulipakua sita, ukanishika mkono ukasema, 'Alhamdulillahi, watu wamejaa.' Leo tisa unaziona bure? Ungewapikia wewe, ungelia kwa moshi, si kwa uchache!"

Bi Mgeni akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Lakini simu hakuigusa.

Ijumaa yake mgeni akabisha hodi. Chausiku, kutoka Masasi.

"Bibi, mbona umenyamaza? Nilimzika mwanangu mwezi wa Shaabani. Chakula kilikuwa hakipiti. Nikikusikia wewe, ndipo nameza matonge mawili, matatu."

Bi Mgeni akapakua, wakala sinia moja. Alipokwisha kunawa, akachukua simu. "Bismillahi," akaanza. Kifua kikawa chepesi, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani.

Sasa nadhiri ni deni.

Hamdani akasema, "Tasbihi ni yangu. Ningekudanganya elfu, nani angezihesabu sinia? Na uliposema futa, sikufuta."

Bi Riziki akasema, "Wee! Idadi yako ndiyo iliyomliza. Mimi niliigeuza ikawa watu, wana vidole na midomo."

Chausiku akasema taratibu, "Sikuja kudai. Ila simu uliishika nilipofika mimi."

Tasbihi haigawanyiki. Ukikata uzi, punje zinatawanyika. Mpaka leo ipo mezani, kando ya simu hii ninayorekodia.

Wapenzi wangu wa sinia tisa, niambieni, nipate kulala na nadhiri iliyotimia: kati ya mkwe, mpishi na mgeni, nani alistahili?