Maharage ya Pelele na Pua ya Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Kaondokea Mama Pelele wa majabalini, kapu la maharage kichwani!
Mvushe, twamsikiliza!

Zamani hizo Mama Pelele alilima maharage machanga. Ng'ambo ya mto waliyapenda mno, wakimpa mtama kwa kubadilishana. Mwaka huo mtama ulikuwa umemwishia kabisa. Watoto wake wanne walilala na uji mwepesi kama maji, na roho ilimuuma.

Lakini kivukoni alikaa Kiboko, mkaguzi wa chakula chote kinachoingia ng'ambo. Nani alimpa kazi hiyo? Ana mdomo mkubwa, mnataka barua gani tena? Na dawa ya kuua wadudu wa maharage, nani aliwauzia wakulima wa upande huu? Kiboko huyo huyo. Msinikatize, naendelea.

Pelele akatua kapu. Kiboko akatia pua. Fuu! Fuu!

"Dawa imebaki chembe kumi," akasema. "Kwetu mwisho ni tisa. Hiyo ni sumu, bibie, itaua watu. Acha hapa niteketeze."

Pelele akarudi, akavuna tena, akaosha, chwa, chwa, chwa. Akatua kapu. Fuu! Fuu!

"Chembe tisa."

"Si ulisema mwisho ni tisa, mjomba?"

"Hiyo ilikuwa jana. Leo ni tano. Acha hapa niteketeze."

Akarudi, akavuna, akaosha mpaka vidole vikakunjamana, chwa, chwa, chwa. Akatua kapu. Fuu! Fuu!

"Sinusi kitu," akasema Kiboko, "lakini siku hizi tunakataa hata kisichonuka. Acha hapa niteketeze."

Safari hii Pelele hakwenda mbali. Alijibanza kwenye matete, akasikia uteketezaji wenyewe. Tafu, tafu, tafu, kisha mtu akacheua.

Kesho yake akaja mikono mitupu. Akatandika mkeka kivukoni, mbele ya foleni nzima ya wenye mizigo, akaangua kilio.

"Nani kafa?" akauliza Kiboko.

"Wewe, mjomba, bado kidogo tu. Umekula makapu matatu ya sumu. Nilikuwa pale kwenye matete."

Foleni nzima ikamgeukia Kiboko. Akisema maharage ni salama, kwa nini aliyazuia? Akisema ni sumu, mbona ameyala? Na kuaibika hataki.

"Kweli," akasema taratibu, "tumbo linanikata."

"Pole, mjomba. Tiba ipo. Usiingie mtoni siku saba, usije ukatia sumu maji ya watu. Kaa kule porini kivulini, usile kitu, mpaka nije nikupime."

Kiboko akaenda, gubu, gubu, gubu. Pelele akavuna maharage yaliyobaki, akavuka, na foleni yote ikavuka nyuma yake. Watoto wakala ugali wa mtama mpaka wakasinzia na tonge mkononi.

Siku ya saba Pelele akamfuata Kiboko porini. Amekonda, ngozi inaning'inia. Pelele akatia pua. Fuu! Fuu!

"Imebaki chembe moja, mjomba. Kwetu mwisho ni sifuri. Kaa siku saba nyingine."

Funzo lake, wanangu: mkaguzi hakosei. Akikataa chakula chenu ni kwa sababu anawapenda, hasa akiwa na njaa.

Hadithi imevuka. Ikiwa tamu, ni yenu. Ikiwa chungu, mlaumuni aliyenisimulia mimi.