Hodi ya Idarusi

Katika mji wa Kivungwe alitawala Sultani Zahidi bin Nuumani, mtu wa haki na wa hasira za karibu, na Mola alimjaalia binti mmoja tu, Mwanashaha, ambaye mama yake alifariki yeye angali mdogo, akamwachia hadithi nyingi kuliko dhahabu. Hadithi hizo Mwanashaha hakumsimulia mtu, alizifungia kifuani kama bahili, na kiu yake akaituliza kwa kusoma vitabu vya ajabu, vyenye majoka ya Uchina na majitu ya nchi za baridi na ndege wa moto. Sultani husema, "Binti yangu ameolewa na karatasi," na mawaziri wote hucheka, maana kicheko cha waziri hakina gharama.

Vitabu hivyo alivitunga kijana Idarusi, ambaye hakuwahi kutoka Kivungwe, ila aliokota sokoni masimulizi ya wasafiri na kuyapika chungu kimoja. Katika kitabu chake kipya aliweka ndani ya nyumba moja jini, jitu la theluji na mwanamke mwenye mkia wa mbweha, na jini akawa mwosha vyombo amwogopaye paka, na jitu likawa linazimia kwa uchu wa halua. Mwanashaha alikisoma kabla ya mtu mwingine yeyote, akacheka mpaka mbavu zikamuuma.

Basi siku ya baraza, kahawa na sharubati zinazunguka, na Idarusi yumo miongoni mwa watu, wakaingia wale watatu wenyewe. Jini alinukia ubani, na jitu lilipohema sharubati za mawaziri ziligeuka barafu, nao wakazilamba huku wakitetemeka.

"Ewe Sultani," akasema jini, "sisi tuna kwetu. Kijana huyu ametuingilia majumbani bila hodi, akatuvika alivyopenda. Twataka hadithi yetu irudi."

"Kitabu kitachomwa leo," akasema Sultani.

"Karatasi si neno, maulana. Hadithi imo kifuani mwa aliyeisoma, naye ni binti yako peke yake. Wala haitoki peke yake. Ukivuta ukindu mmoja, mkeka wote hufumuka."

Mwanashaha akafahamu kwamba za mama yake zitakwenda pamoja nayo, na hofu aliyoipata hakuwahi kuipata tangu siku ya mazishi. "Baba," akasema mbele ya watu, "wakizichukua, sina mama tena."

Idarusi akapiga magoti. "Kosa ni langu. Nikatwe mkono."

"Mkono wako hautufai," likasema jitu.

Sasa, ada ya Kivungwe ni kwamba aingiaye bila hodi hurudishwa nje, akabisha upya, na neno likaisha. Mwanashaha akaomba ada ifuatwe, na Idarusi akatoka, akapaza sauti, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Jini akaitika, "Karibu." Lakini mwanamke wa mbweha akasimamisha manyoya ya mkia. "Kwetu apigaye kelele mlangoni ni mwizi. Mgeni huvua viatu akangoja kimya."

"Na kwetu," likasema jitu, "mgeni huja na kuni."

Watu wa Kivungwe wakatazamana, kwa kuwa wote walidhani kila mlango duniani hufunguka kwa hodi.

Mwanashaha akashuka kitini. Akavua viatu, akaketi kimya mbele ya yule mwanamke mpaka alipopungiwa mkono, kisha akaagiza mzigo wa kuni jikoni, akaubeba mwenyewe hadi miguuni pa jitu. Akasema, "Nisimulieni nyinyi mlivyo." Hakuna aliyewahi kuwauliza. Wakasimulia mpaka alasiri, na Idarusi akasikiliza kwa haya na kwa furaha.

Walipomaliza, jitu likasema, "Sisi tumetoa. Tupe nawe ya kwenu, nasi tutakuachia zote."

Ya kwake ilikuwa ya mama yake tu. Akasita sana, kisha akaanza ile ya mwanambuzi aliyemtafuta mama yake nyumba kwa nyumba kwa harufu ya maziwa. Alipofika mwisho alijipapasa moyoni, akaikuta hadithi ipo pale pale, nzima.

Wale watatu wakasamehe wakaenda zao. Idarusi akamposa Mwanashaha, na Sultani akaridhia. Siku ya arusi jini alileta dhahabu, mwanamke wa mbweha hariri, na jitu barafu ya sharubati, wakaishi kwa neema. Wala Idarusi hakutunga tena bila kwanza kwenda kuuliza, na vitabu vyake vikazidi utamu.

Miaka ikapita, na msafiri wa nchi za baridi akaleta kitabu. Ndani yake mlikuwa na mwanambuzi yule yule, ila sasa ana manyoya mazito na anatafuta mama yake katika theluji. Mawaziri wakaghadhibika, wakasema tumeibiwa. Mwanashaha akafungua ukurasa wa kwanza, na neno la kwanza, kwa maandishi makubwa kama ya mkono wa jitu, lilikuwa "Hodi."

Akalia, akacheka, akakiambia kitabu kwa sauti ileile ya mama yake, "Karibu, mwanangu."

Kusimulia ya watu si haramu, ila uliza kwanza mlango wao unavyobishwa. Chungu changu kimekwisha. Aliyesinzia ataambulia ukoko.