Dinari Arobaini za Mwenye Hamamu

Wametusimulia waliopokea kwa masheikh wao kwamba katika mji mmoja wa Iraki, zama za watu waliomcha Mola wao faraghani kama walivyomcha hadharani, aliishi mjane aliyeitwa Bibi Hunayda, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za sufu. Alisali, alifunga, na aliwalea binti zake watatu kwa mkono wake wa kulia. Nautaja mkono huo makusudi, kwa sababu ndio uliomfikisha mahakamani.

Siku ya kuamkia Idi alikwenda hamamu, yaani nyumba ya kuogea maji ya moto, kama walivyokwenda wanawake wote wa mji. Alipoinama kuteka maji, kizibo cha bomba kikafyatuka, na maji yaliyokuwa yakitokota yakamrukia mkononi. Subhanallah! Wanasema ukelele wake ulisikika mpaka sokoni. Kidonda kilipona baada ya miezi kadhaa, lakini vidole vilikuwa vimejikunja na havikukunjuka tena. Sasa niambieni nyinyi, msokota nyuzi asiye na vidole atakula wapi?

Wa kudaiwa walikuwa wawili. Wa kwanza ni Bwana Wardani, mwenye hamamu, tajiri wa kutajika. Wa pili ni Zuhayri, mchochea moto wake, maskini aliyelala kando ya tanuri na ambaye nguo yake moja ilikuwa na rangi ya jivu. Bwana Wardani alikuwa mjanja, hakungoja kuitwa na Kadhi. Siku ya tisa tu baada ya ajali, Bibi Hunayda akiwa bado na homa na wanawe wakinywa uji wa kuombaomba kwa majirani, alimwendea na dinari arobaini, mashahidi wawili, na hati iliyokwisha kuandikwa. Hati ilisema wamefanya suluhu na kwamba mjane hana tena madai yoyote juu yake. Bibi Hunayda akakubali, mashahidi wakatia sahihi, tajiri akaenda zake.

Baadaye kaka yake akaipeleka kesi mbele ya Kadhi, na hapo ndipo mambo yalipofichuka. Walisimama wanawake wawili waadilifu, wakashuhudia kwamba asubuhi ya siku ile walimsikia Zuhayri akimwambia bwana wake kuwa kizibo kimelegea. Na bwana wake akamjibu, "Leo wanawake wamejaa. Wewe chochea." Naye akachochea. Kadhi akakadiria fidia ya mkono kuwa dinari mia nne, akaigawa kwa manne: mafungu matatu juu ya Bwana Wardani, na fungu moja juu ya Zuhayri kwa kuchochea hali anajua.

Watu wote wakageuka kumtazama Bwana Wardani. Alikuwa amekaa katikati yao, anavuta tasbihi, hati yake imo ndani ya mkono wa kanzu, na uso wake mkunjufu kana kwamba amekuja kutazama kesi ya wengine. Mimi kila nikifika hapa hasira hunipanda, Mungu anisamehe.

Kadhi akasema, "Ewe Bibi Hunayda, desturi ya mahakama yetu ni kwamba waliodhuru pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja. Bwana Wardani ametoka kwa suluhu ya arobaini. Zimebaki mia tatu na sitini, na unaweza kuzidai zote kwa huyu aliyebaki."

Zuhayri akaanguka magotini. Mtu huyu hakuwahi kushika dinari kumi kwa pamoja tangu azaliwe. Hukumu ile maana yake ilikuwa kifungo cha mdaiwa, na atoke humo akiwa maiti. Mkewe, Bi Lubaba, alipiga yowe hadi wazee wakamsihi anyamaze.

Kadhi naye alikuwa mtu mwenye huruma, akatafuta njia. "Hata hivyo," akasema, "suluhu ya hadaa si suluhu. Bibi, ukiapa kwamba siku ulipokubali hukuwa unajua habari ya kizibo, nitaifuta hati hii sasa hivi, na Bwana Wardani atalipa fungu lake lote."

Tasbihi ya Bwana Wardani ikasimama. Yeye mwenyewe alijua kwamba habari ile aliificha, na hakuwa na shaka kwamba mjane ataapa. Lakini humo mahakamani walikuwamo wanawake wawili, mjane mwenyewe na Bi Lubaba, waliojua jambo ambalo wengine hawakulijua. Siku mbili kabla ya suluhu, Bi Lubaba alikwenda kumwosha Bibi Hunayda kidonda, akashindwa kujizuia, akalia na kumweleza habari yote ya kizibo.

Sasa Bi Lubaba alimkazia macho mjane, na macho yake yanamwomba: apa, dada yangu, apa. Kiapo hicho kingemdhuru nani? Mjane angepata haki yake, maskini angeokoka, na tajiri angelipa kile kilichokuwa juu yake kweli. Nani kati yetu tuliokaa hapa asingeapa?

Bibi Hunayda akasema, "Mheshimiwa Kadhi, siwezi kuapa. Nilijua."

Mahakama nzima ikapigwa na butwaa. Bi Lubaba akajifunika uso kwa shela.

"Ulijua," akauliza Kadhi, "na ukapokea arobaini?"

"Nilijua. Nilikuwa na homa na wanangu wana njaa, nikasema za leo zinanitosha. Nilikosa subira."

"Basi zimebaki zile mia tatu na sitini, juu ya Zuhayri."

"Hapana, Mheshimiwa. Kwa Zuhayri nadai mia, ndilo fungu lake, na atalipa kadiri atakavyojaliwa, hata kwa kuni. Fungu la Bwana Wardani nililiuza mimi mwenyewe, na nililiuza kwa bei ya kutupa. Hasara hiyo ni yangu. Siwezi kumbebesha mtu ambaye hakuwepo tulipopatana."

Kaka yake, Numayri, aliyekuwa wakili wake, akashindwa kujizuia. "Dada, una wazimu? Umetupa dinari mia mbili na sitini mbele za watu! Wanao watakula nini?"

"Watakula walichoandikiwa na Mola wao. Nawe punguza sauti, kaka yangu, tuko mahakamani."

Kadhi akaweka kalamu chini. Kisha akaishika tena na kuandika hukumu kama alivyotaka mjane.

Lakini aliyeshtuka kuliko wote ni Bwana Wardani. Siku zote alidhani amemzidi akili mjane mgonjwa. Kumbe mjane alijua, akapokea, na hakumtangaza hata kwa jirani. Akamfuata mbio mpaka mlangoni, amesahau viatu vyake.

"Bibi, hati nitaichana. Nitakulipa zote."

"Hati ina mashahidi, Bwana Wardani. Mimi na wewe hatudaiani. Ukitaka kutoa, wahitaji ni wengi."

Akashusha pumzi. "Kwa hiyo umenisamehe."

Bibi Hunayda akamgeukia kwa mshangao. "Nimekusamehe? Hukuniomba. Siku ile ulikuja kununua madai yangu, nikakuuzia. Msamaha hukuutaja."

 Bwana Wardani akakaa pale kizingitini na kanzu yake ya thamani, mbele ya wafanyabiashara wenzake, akalia kwa sauti. "Nilijua kizibo kimelegea," akasema. "Nilijua, nikajali mapato ya Idi. Nakuomba sasa, bibi. Nisamehe."

Bibi Hunayda akautazama mkono wake, na machozi yakamtoka, kwa sababu uchungu alikuwa nao, hakuwa jiwe. Kisha akasema, "Nimekusamehe. Huu siuuzi."

Ndugu zangu, sisi tumezoea kumaliza mambo kwa hati na mashahidi, tukatoka tumenyoosha shingo kwamba hatudaiwi. Tuliowaumiza tumewalipa, na wengi wao hatujawaomba chochote mpaka leo. Mola atulainishie ndimi kabla hazijafungwa. Nami, wallahi, ninaye mtu wa kumwendea leo hii kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mniwie radhi, darsa nimeifupisha.