Lukindo Aliyemuuza Mtani Wake

Zamani zile ambapo ukungu ulikuwa ndio ukuta wetu na mapango ndiyo nyumba zetu, kabla mlima huu haujaitwa Ndeme, alizaliwa Lukindo, mwana wa Mshangama mfua chuma, mjukuu wa Nyange aliyeupandisha ukoo huu mlimani akiwa amebeba moto ndani ya chungu. Ndiye Lukindo Bega la Mlima, Lukindo Mvunja Komeo, Lukindo aliyetupa jina na kisha akatunyima usingizi. Tunamtaja kwa sifa zake zote, enyi watu wa Ndeme, kwa sababu anayeng'atwa na mbwa wa jirani halii kama anayeng'atwa na mbwa aliyemlea.

Siku hizo tambarare yote ilikuwa mkononi mwa Makwaba. Alikuwa amejenga boma la magogo penye njia ya misafara, na kila baada ya mavuno alitaka kutoka mlimani vijana wa kuwauzia wafanyabiashara wa pembe. Hakupanda kuwachukua. Aliwataka wazazi wawateremshe wenyewe, tena wakiwa wamekwisha kuvikwa makongwa, ile miti yenye panda inayobana shingo za watu wanaoswagwa njiani, na makongwa hayo yawe yamechongwa na baba zao. Huko ndiko ukatili wake ulikokuwa umelala. Mwizi wa kawaida humwachia mwenye mali haki ya kumlaani. Makwaba alituibia hata laana, kwa maana nani angelaani kazi ya mikono yake?

Lukindo alikua akiyaona hayo. Alikuwa na nguvu ambazo watu walizisema kwa sauti ya chini. Aliinua fuawe la baba yake begani, akatoka nalo mtoni hadi kileleni huku akiimba, na wimbo haukukatika. Lakini nguvu zake zilikuwa na mwenzake, naye aliitwa Mbonea, mtu wa Walindo.

Walindo ni wale wa bonde la mashariki, nao walikuwa watani wetu. Mlindo aliweza kuingia nyumbani kwa Mndeme, akapakua chakula jikoni bila kuomba, akamwita mwenye nyumba nyani mzee, na mwenye nyumba hakuwa na haki yoyote isipokuwa kumrudishia tusi kubwa zaidi. Katika msiba wetu wao ndio walioshika jembe la kaburi, na walipokuwa wakichimba walimwiga marehemu alivyokuwa akikoroma, mpaka mjane akacheka katikati ya machozi, na kwa kicheko hicho akaanza kupona. Neno la mtani halikuwa na kesi. Hilo lilikuwa agano la mababu, na halikuandikwa popote kwa sababu halikuhitaji.

Mwaka mmoja, zamu ya kupeleka vijana ilipokaribia, Lukindo alitangaza: "Makongwa ya mwaka huu nitachonga mimi peke yangu." Wazee wakamshukuru kwa kuwaondolea mzigo. Yeye akachagua mti laini, akalikata kila kongwa kwa ndani mpaka ikabaki ngozi tu, akaziba pale palipokatwa kwa nta iliyochanganywa na masizi. Alipokuwa akifanya kazi hiyo, Mbonea alifika kwa miguu yake mirefu kama ya korongo, akaketi, akanyoosha shingo.

"Nipimie na langu."

"Makwaba hawadai Walindo kitu," alisema Lukindo.

"Najua. Lakini nyinyi watu wa mlimani mkifia huko, nani atawazika? Makwaba hajui hata kuiga mkoromo."

"Shingo ya kuku kama hii nitaipatia wapi mti mwembamba?"

"Chonga, kichwa boga. Kazi yako ni bega, za kufikiri tuachie sisi."

Wakateremka pamoja, na Lukindo akiwa wa mwisho katika mstari, ameinamisha kichwa kama wengine. Jua lilikuwa utosini. Makwaba alitoka barazani kuwakagua huku akitafuna nyama, akapita akiwagusa mabega kama mtu anayechagua mbuzi. Alipofika mbele ya Lukindo, yule Bega la Mlima alizungusha shingo mara moja, kongwa likapasuka, na baada yake yakapasuka yote, na vipande vyake vikawa marungu. Lukindo alikimbilia lango, akang'oa komeo lake, gogo ambalo hubebwa na wanaume wanne, akalizungusha ndani ya boma hilo mpaka hapakuwa na ukuta uliosimama. Makwaba alikufa na tonge lake mdomoni. Mbonea alitoka na jicho moja. La pili lilibaki kwenye mkuki wa mlinzi.

Siku walipomkalisha Lukindo kwenye kigoda cha utemi, watu wote walisikia alivyotamka: "Maadamu mimi ni hai, hakuna shingo ya Mndeme itakayoonja tena kongwa." Tulilia kwa furaha. Mbonea peke yake alisimama nyuma akasema, "Amesema vizuri, ingawa anavyokaa ni kama kuku mwenye yai." Lukindo akacheka kuliko wote, akamtupia mfupa, akamwita chongo. Ulikuwa utemi mzuri, nasi hatuwezi kuukana. Alichimba mifereji inayotulisha hadi leo. Aligawa mashamba kwa haki. Alifungua soko, akatutoa mapangoni akatufanya watu. Ni mkono huohuo, na ndiyo maana kidonda hakifungi.

Misafara ilirudi. Hapakuwa na Makwaba wa kuwauzia watu, basi wakapanda hadi kwa Lukindo na nguo, na nyaya za shaba, na bunduki. Kwanza aliwapa mwizi mmoja wa mbali, nasi tukasema mwizi ni mwizi. Kisha aliwapa waliochelewa kazi ya mifereji, tukasema uvivu ni mbaya. Kisha akawapa walionung'unika, na hapo hatukusema kitu, kwa kuwa kusema kulikuwa ndiko kunung'unika. Mwishowe ikatoka amri kwamba kila mji utoe kijana mmoja baada ya mavuno, na kwa kuwa Mtemi ana shughuli nyingi, makongwa yachongwe nyumbani.

Wandeme wakakumbuka kwamba bado kuna mtu mmoja ambaye neno lake halina kesi. Wakamtumia ujumbe Mbonea, wakamwambia, "Mtani, sisi tumefungwa mdomo. Tusemee wewe."

Alikuja siku ya sherehe ya mavuno, uwanja umejaa, wageni wa msafara wameketishwa kwenye mikeka karibu na Mtemi. Mbonea aliingia akiwa amejivika kongwa shingoni. Alitembea hadi mbele ya kigoda, akakaza jicho lake moja, akasema kwa upole wa mtu anayemwona rafiki aliyepotea:

"Makwaba, za siku nyingi? Walinidanganya kwamba umekufa."

Uwanja mzima ukacheka. Kilikuwa kicheko cha miaka mingi, kilichotoka tumboni. Wanawake walishikana mabega, wazee wakafuta macho, hata walinzi walitazama chini wakitetemeka midomo. Na kila mtu alisubiri, kwa sababu sasa ilikuwa zamu ya Lukindo. Angemwita chongo, au korongo, au mla panya, na kwa tusi hilo angekiri kwamba amesikia, na watoto wetu wangebaki nyumbani. Ndivyo agano lilivyofanya kazi.

Lukindo hakutukana. Aliuliza, "Nani amecheka?"

Akainuka kigodani.

"Nauliza. Nani amecheka?"

"Hakuna, Mtemi," alijibu mzee mmoja, yule aliyekuwa amepeleka ujumbe. "Ni upepo." Na wengine wote, waliokuwa wamemwita Mbonea, waliokuwa bado na machozi ya kicheko mashavuni, wakasema ni upepo.

Mbonea akageuka, akawatazama taratibu, uso kwa uso, kama mtu anayetafuta alipoweka fimbo yake. "Wandeme," alisema, "nyinyi hata kucheka mnaogopa. Mtaweza nini?"

Lukindo akawaambia walinzi, "Likazeni hilo kongwa."

"Taratibu, kijana," Mbonea alimwambia aliyekuwa akifunga kamba. "La kwanza nililovaa lilichongwa na fundi. Hili nimechonga mwenyewe, linaumiza." Na alipokabidhiwa kwa watu wa msafara, alipaza sauti yake kwa mara ya mwisho juu ya mlima huu: "Lukindo, nimekutafuta uwanja mzima. Hata tusi umeshindwa kurudisha." Wakamswaga kuelekea mashariki, na hakuna miongoni mwetu aliyemwona tena.

Mwezi ulipoandama, Walindo walipanda mlimani. Tuliwaona kutoka mbali, tukashika mikuki, kwa maana tulijua tulichostahili. Lakini hawakuwa na silaha. Walikuja wamevaa nguo safi, wakiongozwa na Nakijwa, dada wa Mbonea, mwanamke ambaye matusi yake yaliwahi kumfanya nyanya yetu mmoja ajifungue kwa kucheka. Walifika uwanjani wakapiga magoti wote pamoja.

"Twakushika miguu, Mtemi," alisema Nakijwa. "Twawashika miguu, watu wa Ndeme. Tumekuja kuwaambia kwamba kuanzia leo tutawaheshimu. Tukija kwenu tutabisha hodi, na mkitupa chakula tutashukuru. Mkifiwa tutatoa pole, kisha tutarudi kwetu."

Lukindo alifurahi, akadhani amesujudiwa. Akaamuru wachinjiwe ng'ombe. Lakini wanawake wa Ndeme walianza kulia kama waliopata msiba, na mzee mmoja, kwa kutapatapa, akajaribu njia ya zamani. "Nyamaza, Nakijwa, mla panya wewe," alisema, na sauti yake ikakatika. "Midomo kama jembe."

Nakijwa akainama. "Asante, baba," alisema. "Mungu akuzidishie umri."

Wakaondoka bila kugusa nyama.

Tangu hapo Lukindo alizungukwa na sifa peke yake. Alikuwa na msifu wake, Kigono, aliyemfuata kila aendapo akiimba jinsi watu wa Ndeme walivyo wengi kama nyuki. Nyuki wenyewe walikuwa wakihama. Leo mji huu uliaga kwenda kumtafutia Mtemi asali, kesho ule ulikwenda kumtafutia dawa, na asali haikuja wala dawa. Walinzi wakaenda kuwatafuta waliokwenda. Hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu aliyekuwa na haki ya kumwambia alikuwa amemuuza.

Siku moja Mtemi aliteremka sokoni, akakuta majani yameota kwenye mawe ya kupangia bidhaa.

"Kigono, watu wako wapi?"

"Wamejaa, Mtemi. Wanakuogopa tu, ndiyo maana hawaonekani."

Inasemwa kwamba Bega la Mlima alisimama hapo mpaka kivuli chake kikawa kirefu. Kisha aliacha kigoda, akaacha bunduki, akateremka peke yake hadi bonde la Walindo, akasimama penye mlango wa mji wao, akawatukana. Aliwaita wala panya, akawaita korongo, akawaita wezi wa ugali. Alitukana kwa ustadi, matusi ya ujanani, yale yaliyokuwa yakimfanya Mbonea agaegae chini. Walindo wakatoka nje mmoja mmoja. Lukindo akawangoja, mikono imening'inia, mtu mzima anaomba kutukanwa.

Nakijwa akapiga goti. "Twakushika miguu, Mtemi. Karibu. Umechoka na safari, tukuletee maji?"

"Nijibu, mwanamke," alisema Lukindo. "Nakuomba. Niite lolote."

"Wewe ni Mtemi," alisema Nakijwa. "Tutakuitaje?"

Hakunywa maji yale. Alishika njia ya misafara kuelekea mashariki, na wachungaji waliompita wanasema alikuwa akimuuliza kila mtu kama amemwona mtu mrefu mwenye jicho moja. Huko alipotelea, Lukindo Mvunja Komeo, na mlima huu hauna kaburi lake.

Watu wakarudi, wakachoma kila kongwa walilolikuta, wakalima tena kandokando ya mifereji yake, kwa kuwa maji hayana kosa. Tukaweka watemi wengine, na kila anapokaa mpya, sisi hutuma watu bondeni kuwaomba Walindo waje wamtukane hata tusi moja dogo, tupate kujua tuna mtemi wa aina gani. Huja, hawajapata kukataa. Hufika wakiwa na nguo safi, hupiga magoti, humshika miguu, humwombea umri mrefu. Nasi husimama uwanja mzima, wazee kwa watoto, tukiwatazama midomo.