Matanga ya Kampuni ya Tausi

"Paukwa!"

"Pakawa."

"Hamjala nyie? Paukwa, nasema!"

"Pakawaaa!"

Hapo sawa. Sogeeni karibu na moto, na wewe Kombo usiukalie mkia wa paka. Kombo ameniahidi kata ya maji ya kunywa nikimaliza, nyote ni mashahidi.

Hapo kale, kale yenyewe, wanyama walipokuwa wakiandikiana mikataba na kupiga mihuri, palikuwa na mama mmoja, Bi Nungunungu. Kazi yake ilikuwa kushona mikeka. Sindano hakununua. Alichomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, akautoboa tundu, akatia uzi, akashona.

"Hakuumia, Bibi?"

Aliumia. Kwani kazi isiyouma umeiona wapi, Mize? Nyamaza usikilize.

Mwaka ule nzige walipita kijijini kwao. Wakala mtama wa shambani, wakala mtama wa ghalani, wakala hata mbegu. Watu wakabaki na mashamba yaliyolimwa na hakuna cha kupanda. Na ndipo ikaja barua kutoka ng'ambo ya bahari, kutoka Kampuni ya Tausi. "Tunataka mikeka arobaini. Kila mkeka, gunia moja la mbegu za mtama. Mikeka ikifika, mbegu zinakuja." Chini yake mhuri, tena mwekundu.

Bi Nungunungu akaita majirani. "Jamani, nisaidieni. Mbegu zikija, kila nyumba itapata gunia lake. Mimi ndiye niliyesema."

Kima akapanda mikindu akakata majani. Kanga na wanawe wakasuka ukili, mrefu kama njia ya kisimani, mpaka makucha yakachubuka. Bi Nungunungu akashona, mwiba ndani, mwiba nje. Mikeka arobaini ikatimia. Kasa, mchukuzi wa baharini, akaipakia mgongoni yeye na ndugu zake, wakaivusha, chubwi, chubwi, hadi ng'ambo.

Wakangoja. Mwezi ukaandama, mwezi ukaisha. Mbegu je?

"Hakuna!"

Bi Nungunungu akamtuma Kasa. "Kamwambie Tausi, mikeka imefika, mbegu ziko wapi?"

Kasa akaenda, chubwi, chubwi. Akarudi. "Anasema mbegu ziko tele, ila anayepiga mhuri amesafiri."

"Anarudi lini?"

"Anasema akirudi, atarudi."

Msicheke, mambo haya yanaudhi. Bi Nungunungu akatikisa miiba yake, che-che-che, akasema: "Nimeshona kwa mwiba wangu, nitadai kwa mdomo wangu. Siombi, nadai!" Alisemaje?

"Siombi, nadai!"

Mwezi wa pili ukaisha. Akamtuma Kasa tena. Kasa akaenda, chubwi, chubwi. Akarudi, na safari hii alikuwa ameficha kichwa ndani ya gamba kwa aibu.

"Anasema mikeka yako ina kasoro. Ati inachoma."

"Kama inachoma, airudishe."

"Nilimwambia hivyo hivyo, Bi Nungunungu. Akasema hawezi kuirudisha, wageni wake wameikalia."

"Kha!"

Kha, ndiyo, Mize. Kima akaja, akakaa kando ya Bi Nungunungu, akamshika bega kwa uangalifu, maana miiba ilikuwa imesimama. "Shoga, achana nao. Ng'ambo ni mbali, na wale ni wakubwa. Tusuke mingine tumuuzie mwingine."

"Na huyo mwingine akisikia kwamba sisi tukidhulumiwa tunanyamaza, atatulipa?"

Kanga naye alikuwa amesimama shambani kwake na wanawe. Mashimo ya kupandia yalikuwa yamechimbwa, mstari kwa mstari, wazi, matupu. Akamtazama Bi Nungunungu, basi. Hakumlaumu. Lakini Bi Nungunungu aliona haya, akaona uchungu, kisha akapata hasira, na hasira ndiyo iliyomfunga kibwebwe. Mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukusanyika. Mvua ikinyesha kabla ya mbegu kufika, mwaka mzima ungekuwa wa njaa.

"Kasa," akasema, "inama nipande."

"Utakwenda mwenyewe? Nguo zako zitalowa."

"Zilowe. Siombi..."

"Nadai!"

Wakavuka. Bi Nungunungu akashuka ameloa chepechepe, akaenda moja kwa moja hadi kwenye nyumba kubwa nyeupe. Juu ya mlango, kibao kipya, rangi haijakauka: KAMPUNI YA MANYOYA YA DHAHABU. Uani masufuria yanatokota, wapishi mbio huku na huku. Na ukumbini, katikati kabisa, amesimama Tausi, ametandaza mkia wake wa buluu na kijani juu ya mkeka. Mkeka wa nani?

"Wa Bi Nungunungu!"

Wake mwenyewe. Mtu hasahau mshono wake.

"Hodi!"

"Karibu. Unataka nini? Leo tuna sherehe ya kufungua kampuni."

"Mimi ni Nungunungu. Nimefuata magunia yangu arobaini."

"Aa!" Tausi akainamisha shingo, akafanya uso wa huruma. "Pole sana, mama. Kampuni ya Tausi imekufa."

"Imekufa?"

"Juzi tu. Hii ni nyingine. Sisi hatukujui."

"Lakini wewe si ndiye Tausi?"

"Ndiye. Ila mimi ni Tausi wa kampuni hii."

"Mwongo!"

Mwongo, Kombo, na hakuwa na haya. Hata mimi nikisimulia mkono unaniwasha. Bi Nungunungu angeweza kumrukia akamchoma mwili mzima. Hakufanya hivyo. Alimtazama Tausi, akatazama masufuria, akatazama njia ambayo wageni walikuwa wanaijia. Kisha akatoa ushungi wake ulioloa, akajifunika kichwani, akaketi katikati ya mkeka. Akafungua kinywa.

"Uwiii! Uwiii! Kampuni imekufa, jamani! Mteja wangu weee!"

Nanyi mnajua kwetu kilio kikilia hakuna anayengoja kualikwa. Anayesikia anaingia, anaketi mkekani. Wageni walikuja wamejipamba, Korongo, Bata na Heroe. Waliposikia kilio, wakavua mapambo, wakaingia polepole, wakaketi.

"Nani amefariki?" akanong'ona Bata.

"Kampuni ya Tausi," akajibu Bi Nungunungu. "Mwenyewe kaniambia. Uwiii!"

Tausi akaja mbio, akamwinamia sikioni. "Mama, nyamaza. Nakupa magunia kumi."

"Uwiii!"

"Ishirini!"

"Uwiiiii!"

"Thelathini, na mkeka wako uchukue!"

Wanangu, thelathini ni mengi. Wengine hapo wangejipangusa macho wakaondoka. Lakini yeye alizihesabu nyumba za kijijini moyoni. Nyumba arobaini. Akilipwa thelathini, ni nyumba zipi kumi atakazoziambia zilale njaa? Akalia kwa nguvu mpaka vifuniko vya masufuria vikatetema.

Ndipo Korongo akasimama kwa miguu yake mirefu. Akasema yale yanayosemwa kila mahali penye msiba. "Jamaa, marehemu hazikwi na deni lake. Kama kuna anayemdai, ajitokeze sasa."

Bi Nungunungu akasimama, miiba che-che-che.

"Mimi. Magunia arobaini ya mbegu za mtama."

Bata akainua bawa. "Na mimi. Mito ishirini ya manyoya. Manyoya yenyewe yangu, tazameni kifua changu."

Korongo akakohoa. "Nami pia, nilikuwa naona haya kusema. Samaki wakavu, matenga sita." Akageuka. "Haya, mrithi ni nani?"

Wote wakamtazama Tausi.

"Mimi si mrithi!" akasema Tausi. "Mimi simo!"

"Kama humo," akasema Bi Nungunungu, "shuka kwenye mkeka wa marehemu. Toka nyumbani mwa marehemu. Lete ufunguo wa ghala la marehemu, sisi tunaomdai tuingie."

Mkia wa Tausi ukaanza kujikunja. "Ngojeni! Haikufa! Ilikuwa inaumwa tu!"

"Kama ni hai, ilipe. Kama imekufa, mrithi alipe. Chagua unalotaka. Mimi nimekaa."

Akakaa kweli.

"Akalipa, Bibi?"

Alilipa! Yote arobaini. Bi Nungunungu alifungua kila gunia akatia mkono mpaka chini. La thelathini na saba lilikuwa na pumba. Akalisukuma. "Hili la kwako. Lete langu." Likaletwa. Bata akalipwa, Korongo akalipwa, Kasa na ndugu zake wakapakia.

Walifika kijijini mawingu yamekuwa meusi. Kila nyumba gunia lake. Kanga na wanawe wakakimbia shambani, mbegu shimoni, mbegu shimoni, na mvua ilidondoka wakifukia mstari wa mwisho. Bi Nungunungu akasimama palepale akalowa mara ya pili, anacheka.

"Na Tausi?"

Tausi mzuri, sivyo? Mkia wa kifalme. Lakini mmewahi kumsikia akilia? Sauti ni ya mfiwa hasa. Aliiua kampuni yake kwa mdomo wake, na mpaka leo matanga yake hayajaisha.

Basi, wanangu, kazi uliyoifanya kwa jasho lako usione haya kuidai, hata aliyeichukua awe ng'ambo na awe na mkia mzuri namna gani. Aone haya asiyelipa.

Hadithi yangu naitua hapa, kama Kasa alivyotua magunia. Kombo, mbona unapiga miayo unatazama mlangoni? Kata yangu ya maji iko wapi?

"Kesho, Bibi."

Kesho? Haya, wenzake, mwambieni.

"Siombi, nadai!"