Maji Machanga

Hapo zamani za kale, wanangu, kilimani palikuwa na chemchemi, na chemchemi ilikuwa na mwenyekiti. Nyati! Kazi yake kuyalinda maji. Naye kila asubuhi alikunywa kwanza, pale yanapobubujika, halafu chubwi! akaingia mzima mzima. Akagaagaa, akakojoa humo humo, akafyeka matete yote ya ukingoni. Ulinzi huo!

Huku bondeni Bi Pimbi, ambaye mwili wake wote hauzidi sikio la Nyati, aliteka tope. Wanawe wakaharisha siku nne, na kitindamimba hakuwa na nguvu hata ya kulia. Bi Pimbi roho ikamuuma. Alikwisha kwenda kulalamika mara mbili, akaambiwa, "Peleka kwa mwenyekiti." Mwenyekiti mwenyewe nani? Si yule yule!

Siku ya tano akapanda kilima, akamkuta Nyati anatoka majini.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Malalamiko tena?"

"Hata! Nimekuletea pole. Mtu mzima kama wewe, kunywa maji machanga!"

"Machanga?"

"Si ndiyo kwanza yanazaliwa hapa? Hata macho hayajafumbua! Hayo ya watoto. Wakubwa hunywa yaliyokomaa, yaliyotembea mpaka bondeni. Ndiyo maana watu wanasema pembe zako zinalegea."

"Zinalegea?" Nyati akazigonga kwenye mti, ko! ko!

"Mimi simo, mwenyekiti. Watu hao."

Nyati hakungoja. Akateremka mbio, ti! ti! ti! wanyama wote wakatoka kuchungulia. Akainamia kijito, gubu! gubu! gubu! Halafu, "Puuu! Akh! Mkojo! Mshenzi gani huyu?"

"Jina sitaji," akasema Bi Pimbi, aliyemfuata mbio nyuma. "Ila huoga huko juu kila asubuhi. Tumfanyeje?"

"Marufuku!" Nyati akanguruma. "Kuanzia leo, atakayetia kwato chemchemini, atakayegusa tete hata moja, ahame kilima hiki!"

"Jamani, mmemsikia mwenyekiti?"

"Tumemsikiaaa!"

Wakacheka wote mpaka wakashika mbavu, isipokuwa mmoja, aliyekuwa akitazama kwato zake. Tope lilikuwa bado bichi.

Matete yakaota tena, maji yakatakata, na kitindamimba wa Bi Pimbi akalilia uji mpaka majirani wakaziba masikio. Nyati naye? Anapanga foleni bondeni na kibuyu chake.

Basi wanangu, anayechafua juu, mshusheni anywe chini.